Hati ya PDF Inapogandisha Kivinjari: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Mwongozo huu ni wa wanaokaa mbele ya kompyuta siku nzima wakiwafungulia watu hati: wenye stesheneri za Ngamiani mjini Tanga, makarani wa Chumbageni, walimu wa Muheza na Pangani wanaopakua orodha ndefu za majina, na mwanafunzi mwenye laptopu ya zamani. Tatizo linalorudi kila mara ni lilelile. Unabofya kiungo cha PDF, ukurasa unabaki mweupe, kialama cha kipanya kinazunguka, na vichupo vingine navyo vinagoma.

Wengi hapo hubofya tena na tena, kisha huzima kompyuta kwa kitufe cha umeme. Kila mbofyo wa ziada unaweza kuanzisha upya upakuaji wa faili lilelile. Bando linaliwa, kumbukumbu ya kompyuta inajaa, na chanzo hakijaguswa.

Kanuni inayobeba kazi yote ni hii: litoe faili nje ya kivinjari kwanza, kisha ulipime likiwa peke yake. Kivinjari hufanya kazi tatu kwa mpigo, yaani kupakua, kusoma muundo wa hati, na kuchora kurasa kwenye skrini. Kazi hizo zikichanganyika huwezi kujua ipi imekwama.

## Vitu vya kuandaa

- Nafasi tupu ya GB 2 au zaidi kwenye diski.
- Vivinjari viwili, kwa mfano Chrome na Firefox. Chrome husoma PDF kwa injini iitwayo PDFium, Firefox kwa injini yake iitwayo PDF.js. Faili linaloishinda moja linaweza kupita kwenye nyingine bila taabu.
- SumatraPDF, programu ndogo ya bure ya kusoma PDF kwenye Windows. Ile isiyohitaji kusakinishwa inatosha. Iweke kwenye flashi.
- qpdf na Ghostscript, zote za bure. Ya kwanza hukagua na kupanga upya muundo wa faili, ya pili hupunguza uzito wa picha. Huendeshwa kwa kuandika amri, na amri zenyewe zimo humu.
- Folda moja ya majaribio, kwa mfano `C:\pdf`. Jina la faili liwe fupi, lisilo na nafasi, kama `hati.pdf`. Amri nyingi hushindwa kwa sababu tu jina la faili lina nafasi katikati.

Fanya kazi kwenye nakala. Faili la asili lisiguswe.

## Hatua ya 1: Fungua mgando bila kupoteza kazi nyingine

Subiri dakika moja kamili bila kubofya chochote. Faili zito kwenye mashine dhaifu linaweza kuonekana limekufa kumbe linachorwa.

Likiendelea kugoma, kwenye Chrome au Edge bonyeza Shift + Esc. Litafunguka dirisha linaloonyesha kila kichupo na kiasi cha kumbukumbu kinachokula. Chagua kile chenye PDF, kisha ukisimamishe. Kwenye Firefox andika `about:processes` kwenye sehemu ya anwani upate orodha kama hiyo. Kama kivinjari chote hakisikii, bonyeza Ctrl + Shift + Esc umalizane nacho kupitia Windows.

Kwa nini tusifunge kila kitu tangu mwanzo? Kwa sababu mteja anaweza kuwa na fomu ya maombi iliyojazwa nusu kwenye kichupo cha pembeni. Kichupo kimoja kikisimamishwa, vingine hubaki salama.

Mafanikio: vichupo vingine vinaitika, na kile cha PDF kinaonyesha ujumbe wa kuanguka.

## Hatua ya 2: Pakua faili bila kulifungua

Bofya kiungo kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Save link as", na uliweke kwenye folda yako ya majaribio.

Tovuti nyingi hazina kiungo cha kawaida. Zina kitufe ambacho ukikibofya tu hati inafunguka yenyewe. Hapo badilisha tabia ya kivinjari:

- Chrome: andika `chrome://settings/content/pdfDocuments` kisha chagua "Download PDFs".
- Edge: andika `edge://settings/content/pdfDocuments` kisha washa "Always download PDF files".
- Firefox: nenda `about:preferences`, shuka hadi "Applications", tafuta PDF, chagua "Save File".

Kwa stesheneri yenye foleni, mpangilio huu ungefaa kuachwa hivyo moja kwa moja. Hati nyingi huishia kwenye printa, na kuchapa kutoka kwenye faili lililohifadhiwa ni salama kuliko kuchapa kutoka kwenye kichupo.

Sasa tazama ukubwa wa faili. Kama tovuti imetaja MB 18 na wewe una MB 6, upakuaji ulikatika. Jina linaloishia `.crdownload` au `.part` maana yake kazi haijaisha. Usilibadilishe jina kwa mkono liwe `.pdf`, kilichokosekana ndani yake hakitaongezeka.

Faili likikatika kila mara mahali palepale, jaribu mtandao wa kampuni nyingine ya simu, au pakua usiku. Kama mnatumia programu ya kuharakisha upakuaji, izime kwanza. Programu hizo hudaka kiungo kabla ya kivinjari, na kwenye tovuti zinazohitaji kuingia kwa nywila mara nyingi huishia kupewa ukurasa wa kuingilia badala ya hati.

Mafanikio: faili lina kiendelezi cha `.pdf`, ukubwa wake unalingana na uliotajwa, na kivinjari hakikugusa yaliyomo.

## Hatua ya 3: Hakikisha ni PDF kweli

Hatua hii hurukwa na karibu kila mtu, ilhali inachukua nusu dakika. Fungua PowerShell, dirisha la Windows la kuandikia amri, ndani ya folda yako, andika:

`Get-Content hati.pdf -TotalCount 1`

PDF ya kweli huanza na herufi `%PDF-` zikifuatwa na namba, kama `1.4` au `1.7`. Ukiona `<!DOCTYPE html` au `<html`, hicho ni ukurasa wa tovuti uliohifadhiwa kwa jina la PDF. Huenda muda wako wa kuingia umeisha, au seva imetoa ujumbe wa hitilafu. Ingia upya kwenye akaunti, upakue tena. Hakuna programu ya kutengeneza PDF itakayokusaidia, kwa kuwa hakuna PDF.

Kisha tazama mkiani:

`Get-Content hati.pdf -Tail 3`

Mwishoni lazima lionekane neno `%%EOF`. Lisipokuwepo, faili limekatwa. Jedwali linaloonyesha kila kitu kimekaa wapi ndani ya PDF kwa kawaida hukaa mwishoni. Baadhi ya vivinjari visipolipata hupekua faili lote vikijaribu kulijenga upya, na hapo ndipo mgando unapoanza.

Tahadhari: usifungue PDF kubwa kwa Notepad ili kukagua hivi, maana Notepad nayo itaganda. Na ukiifungua ndogo, usibonyeze kuhifadhi, utaiharibu.

Angalia pia jina lote. Faili linaloitwa `tangazo.pdf.exe` si hati hata kidogo. Lifute, usilijaribu.

## Hatua ya 4: Fungua nje ya kivinjari

Fungua faili kwa SumatraPDF. Pitia kurasa za mwanzo, za katikati na za mwisho. Jibu utakalopata litakuwa mojawapo ya haya manne, na kila moja lina njia yake:

- Linafunguka upesi na vizuri: tatizo ni kivinjari. Nenda 5A.
- Linafunguka lakini linasuasua hata hapa: faili ni zito. Nenda 5B.
- Linakataa kabisa, au kurasa nyingine ni tupu: limeharibika. Nenda 5C.
- Linaonyesha ukurasa mmoja wenye maneno "Please wait…" usiokwisha: ni fomu ya aina ya pekee. Nenda 5D.

Usiruke kwenda 5A kwa mazoea. Kusakinisha Chrome upya kwa sababu ya faili lililokatika ni asubuhi nzima iliyopotea.

## Hatua ya 5A: Tatizo ni kivinjari

Badilisha kitu kimoja kwa wakati, halafu jaribu faili lilelile. Ukibadilisha vitano kwa mkupuo, likipona hutajua dawa ilikuwa ipi, na kesho litakurudia.

Anza na hali fiche (Ctrl + Shift + N kwenye Chrome), ambamo kwa kawaida viendelezi, yaani programu ndogo zinazoongezwa kwenye kivinjari, huwa vimezimwa. Hati ikifunguka humo, mkosaji ni kiendelezi. Rudi kwenye hali ya kawaida, nenda `chrome://extensions`, zima vyote, kisha washa kimoja kimoja. Anza kushuku vile vya kuzuia matangazo, vya kutafsiri, na vya "kubadilisha PDF".

Kama hali fiche haikusaidia, zima matumizi ya kadi ya picha: kwenye mipangilio, sehemu ya "System", zima "Use graphics acceleration when available", kisha fungua kivinjari upya. Kompyuta za zamani zenye kiendeshi cha picha kisichosasishwa huchora kurasa vibaya au kugoma kabisa. Dalili yake ni skrini kumeta, au vipande vyeusi kwenye ukurasa.

Kufuta akiba ya kivinjari (Ctrl + Shift + Delete) kunafaa pale tu nakala iliyokatika imehifadhiwa na kivinjari kinairudisha hiyohiyo. Chagua picha na mafaili yaliyohifadhiwa peke yake. Usiguse nywila. Kwenye kompyuta ya dukani, nywila zikifutwa kuna mtu atakosa kuingia kwenye akaunti yake siku ya mwisho ya maombi.

Halafu toleo. Kompyuta yenye Windows 7 inaishia Chrome 109, la Januari 2023. Hakuna jipya litakalokuja juu yake. Kwenye mashine kama hizo acha kupigana na kivinjari. Pakua, ufungulie SumatraPDF, mambo yaendelee.

Mafanikio: hati inafunguka mara tatu mfululizo, ikiwemo mara moja baada ya kuwasha kompyuta upya.

## Hatua ya 5B: Faili ni zito

Hapa ndipo penye kutoelewana kukubwa. Watu hutazama MB za faili, wanaona ni MB 3 tu, wanashangaa kwa nini linagandisha. Uzito unaokiumiza kivinjari si ule wa diskini. Ni ule wa picha ikishakunjuliwa kwenye kumbukumbu.

Piga hesabu ya ukurasa mmoja wa A4 wa rangi uliopitishwa kwenye skana, kila nukta ikichukua baiti 4 (dpi ni idadi ya nukta kwa kila inchi):

- dpi 150: nukta 1,240 × 1,754, karibu MB 9
- dpi 200: nukta 1,654 × 2,339, karibu MB 15
- dpi 300: nukta 2,480 × 3,508, karibu MB 35
- dpi 600: nukta 4,960 × 7,016, karibu MB 139

Kurasa kumi za dpi 600 zikikunjuliwa pamoja zinadai zaidi ya GB 1. Kompyuta yenye RAM ya GB 4, ambayo Windows tayari imeshachukua sehemu yake kubwa, haina pa kuziweka. Inaanza kuhamishia vitu diskini, na diski ya zamani ya kuzunguka ni ya polepole mno kwa kazi hiyo. Huo ndio mgando unaouona.

### Kama ni kurasa za skana

Tumia Ghostscript kupunguza picha hadi dpi 150:

`gswin64c -sDEVICE=pdfwrite -dPDFSETTINGS=/ebook -dNOPAUSE -dBATCH -sOutputFile=nyepesi.pdf hati.pdf`

`/ebook` ni dpi 150 kwa picha za rangi na za kijivu. `/screen` ni dpi 72, na maandishi madogo ya mhuri hayatasomeka, iache. `/printer` ni dpi 300.

Ukiona faili halijapungua, sababu ya kawaida ni hii: Ghostscript haipunguzi picha mpaka izidi lengo kwa mara moja na nusu. Kwa lengo la 150, picha ya dpi 200 inaachwa kama ilivyo. Ongeza `-dColorImageDownsampleThreshold=1.0` kabla ya `-sOutputFile`, na `-dGrayImageDownsampleThreshold=1.0` kwa zile za kijivu.

Tahadhari kubwa: hati yenye saini ya kidijitali isipitishwe hapa. Faili likiandikwa upya, saini inabatilika, na ofisi inayopokea ina haki ya kuikataa. Yenye msimbo wa QR ijaribu kwa simu baada ya kuipunguza. Usiposomeka, rudi kwenye asili.

### Kama ni ramani au michoro

Ripoti ya tathmini ya mazingira ya mradi mkubwa, tuseme wa bomba la mafuta linaloishia Chongoleani, au mchoro wa upimaji wa viwanja, huwa na ramani ambazo si picha. Ni maelfu kwa maelfu ya mistari, na kila ukikuza ukurasa mistari yote inachorwa upya. Amri ya juu haitasaidia, kwa kuwa hakuna picha ya kupunguza.

Tafuta ukurasa unaosumbua kwa kugawa nusu kwa nusu. Kama ripoti ina kurasa 200:

`qpdf hati.pdf --pages . 1-100 -- nusu.pdf`

Fungua `nusu.pdf`. Ikienda vizuri, mkosaji yuko 101 hadi 200. Gawa tena. Kwa mara nane hivi utakuwa umefika kwenye ukurasa wenyewe. Ukiwa na Poppler, kifurushi cha programu za kushughulikia PDF kwa amri, ugeuze uwe picha. Huu hapa ni wa 87:

`pdftoppm -r 150 -f 87 -l 87 -png hati.pdf ramani`

Ramani itapoteza uwezo wa kukuzwa bila kikomo, lakini itafunguka. Kwa kazi ya vipimo tumia ile ya asili kwenye mashine yenye nguvu.

### Kama ni orodha ndefu ya majina

Igawe vipande vya kurasa 50:

`qpdf --split-pages=50 hati.pdf sehemu.pdf`

Utapata `sehemu-001-050.pdf` na kuendelea. Kama unachotafuta ni jina moja tu, usigawe chochote: fungua kwa SumatraPDF, bonyeza Ctrl + F, andika namba ya mtihani badala ya jina. Majina yanafanana na huandikwa kwa tahajia tofauti. Namba ni ya mtu mmoja.

Mafanikio ya 5B: ukurasa wowote unaonekana ndani ya sekunde mbili tatu, na maandishi madogo kuliko yote yanasomeka kwa ukubwa wa asilimia 100.

Usipeleke vyeti vya mteja au kitambulisho chake kwenye tovuti za bure za kupunguza PDF. Hujui nakala inabaki wapi wala kwa muda gani. Namba ya NIDA, tarehe ya kuzaliwa na saini kwenye faili moja ni mali ya mtu, na amri zilizo hapo juu hufanya kazi hiyohiyo bila faili kutoka dukani.

## Hatua ya 5C: Faili limeharibika

Pakua tena mara moja kupitia kivinjari kingine. Likibaki vilevile, kagua:

`qpdf --check hati.pdf`

Ukijibiwa "No syntax or stream encoding errors found", muundo ni mzima, rudi 5B. Ukipewa maonyo kuhusu `xref`, yaani lile jedwali la mwishoni mwa faili, mara nyingi linatengenezeka kwa kuandikwa upya:

`qpdf hati.pdf mpya.pdf`

Hesabu kurasa za `mpya.pdf` ulinganishe na idadi inayotakiwa. Zikipungua, hizo zilizokosekana hazimo tena. Omba faili jipya kwa aliyelituma.

## Hatua ya 5D: Fomu ya "Please wait…"

Hilo halijaganda. Ni fomu ya mtindo wa XFA, ambayo Chrome na SumatraPDF hazina uwezo wa kuionyesha, na maneno hayo ni ukurasa wa kushikilia nafasi tu. Ihifadhi, uifungue kwa Adobe Acrobat Reader ya kompyuta. Firefox za kuanzia toleo la 93 nazo huweza kuzionyesha nyingi kati ya hizo. Kwenye simu usihangaike.

## Hatua ya 6: Kila PDF inagandisha? Tazama kompyuta

Fungua Ctrl + Shift + Esc, sehemu ya "Performance", huku PDF ikifunguka.

Kumbukumbu ikizidi asilimia 90 na diski iko asilimia 100, funga programu nyingine, kisha fikiria kuongeza RAM kabla ya kununua kompyuta mpya.

Sasa tazama kasi ya kichakataji. Kama chako ni cha GHz 2.4 na kinasoma GHz 0.8 katikati ya kazi, kimejipunguza chenyewe, mara nyingi kwa joto. Tanga wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, hili si jambo la nadra, hasa laptopu ikikaa juu ya kitambaa au feni yake ikiwa imejaa vumbi lililoshikana kwa unyevu wa pwani. Inyanyue kwa vipande viwili vya mbao ili hewa ipite chini, na feni isafishwe kompyuta ikiwa imezimwa na kuchomolewa.

Umeme ukikatika katikati ya upakuaji, rudia Hatua ya 2 na ya 3. Usiliamini faili lililokuwa linashuka wakati huo hata kama jina lake limekamilika.

## Kwa wanaoskani hati za kupeleka mtandaoni

Weka skana dpi 200. Barua na fomu za maandishi ziwe za kijivu. Rangi iwe kwa vyeti na mihuri pekee. Hifadhi kurasa zote kwenye PDF moja, kisha umalizie na:

`qpdf --linearize hati.pdf tayari.pdf`

Amri hii hupanga faili ili ukurasa wa kwanza uweze kuonekana kabla ya mengine kufika, mradi seva iwe inaruhusu kutoa faili vipande vipande. Kwa msomaji wa Lushoto au Handeni mwenye mtandao wa kusuasua, tofauti yake ni kubwa.

Faili la tovuti ya ofisi likiendelea kugandisha kila mashine uliyojaribu, mwandikie mwenye tovuti. Mpe anwani kamili ya kiungo, ukubwa wa faili ulilopata, jina na toleo la kivinjari, majibu ya `qpdf --check`, na namba ya ukurasa unaosumbua. Kwa maelezo hayo fundi wao hahitaji kuanza kukuuliza upya.